Karatasi ya Kabla ya Kula

Nianze kwa kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya bila kuona haya. Niliyoyaona kwa macho yangu katika nyumba ya Bi Mize, Vitongoji, tangu Januari hadi Desemba ya mwaka mmoja wa mwishoni mwa miaka ya hamsini, nitayaeleza kuwa niliyaona. Niliyoyasikia nitayataja pale tu inaponilazimu, na kila nitakapoyataja nitasema kwamba niliyasikia. Yaliyobaki siyaandiki. Sitaeleza nilizaliwa na nani wala nilisomeshwa kwa jasho la nani. Inatosha kujua kwamba nilikuwa na umri wa miaka ishirini na tatu, mzaliwa wa Konde, mwalimu mpya niliyetoka chuoni Unguja, na kwamba katika kijiji kile neno langu lilipewa uzito kuliko lilivyostahili.

Kinachonikalisha mezani leo ni khitma ya Time, binti wa Bi Mize, iliyosomwa mwezi uliopita Chake Chake. Tulipokuwa tumekwisha kuomba dua na sinia zimekwisha kuwekwa, mwanawe mkubwa, mtu mwenye mvi sasa, alinishika mkono mbele ya watu akawaambia kwamba huyu ndiye Mwalimu aliyemwokoa bibi yao kwa elimu yake ya dawa. Watu wakanitazama kwa heshima. Mzee mmoja aliyeketi ubavuni mwangu akasema yeye alisikia kwamba Bi Mize alipona kwa kunywa kombe la aya, na mwingine akasema kwamba maradhi yale yalikuwa ya kutupiwa na jirani. Niliinamisha kichwa, nao wakadhani ni unyenyekevu. Khitma si mahali pa kumkosoa mfiwa, kwa hiyo nilinyamaza, nikala nilichoweza, nikarudi nyumbani. Lakini katika watu wanne tuliosimama kando ya kitanda cha Bi Mize asubuhi ile ya spitali sijui kama yuko aliye hai isipokuwa mimi, na nikizidi kunyamaza, hadithi hizo tatu zitabaki na uwanja peke yao. Hakuna hata moja kati yake inayoitaja karatasi niliyoiandika.

Nyumba ilikuwa ya udongo na makuti, imepigwa chokaa mbele. Nilipewa chumba cha kulia ukiingia ukumbini, chenye kitanda cha kamba, meza moja na dirisha la mbao lililotazama njia ya skuli. Ukuta wake haukufika darini, hivyo kila lililosemwa ukumbini au uani lilinifikia kitandani. Yale niliyoyasikia juu ya ukuta ule nayahesabu kuwa ushahidi, kwa sababu niliyasikia kutoka kinywani mwa wasemaji wenyewe. Mwenye nyumba, Mzee Kombo, alikuwa mkwezi na mchumaji wa karafuu, mtu mfupi mwenye magoti mabovu na ulimi uliokuwa mzima kabisa. Mkewe Bi Mize alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya chini, na alijulikana hadi Chake kwa kofia za mkono, zile za viua, ambazo kitambaa chake hutobolewa na kushonwa tundu kwa tundu kwa uzi mweupe mpaka ua likamilike. Kofia moja ilimchukua miezi. Mwaka ule alikuwa ameanza kofia ambayo hakukusudia kuiuza. Time alikuwa ameposwa na kijana wa Makoongwe, na Bi Mize alikuwa ameweka nadhiri kwamba mkwe wake ataingia kwenye nikaha akiwa amevaa kofia iliyoshonwa na mkono wake yeye, si wa mtu mwingine. Hiyo haikuwa desturi ya kila nyumba. Ilikuwa nadhiri yake, na alikuwa na binti mmoja tu.

Mikono ndiyo iliyokuwa ikimkatalia. Watu waliita baridi yabisi. Vifundo vya vidole vyake vilikuwa vimevimba kama vipande vya tangawizi, na asubuhi, kabla jua halijaingia uani, hakuweza kukamua tui wala kufunga kanga yake vizuri. Jambo lililomuumiza zaidi, kwa niliyoyasikia juu ya ukuta, lilikuwa sindano. Alishona vizuri akishaipata mkononi, lakini kupitisha uzi kwenye tundu la sindano hakukuwezekana tena, na kila nusu saa alilazimika kumwita Time. Siku moja nilimsikia akimwambia binti yake kwamba kofia inayotungiwa sindano na bibi harusi mwenyewe inaanza kuwa ya bibi harusi, na nadhiri haikuwa hivyo. Time akacheka. Mama hakucheka.

Mwisho wa Januari Mzee Kombo alikwenda Chake na akarudi na aspirini, vidonge vyeupe vilivyofungwa katika kipande cha gazeti, bila chupa, bila maandishi yoyote. Alisema kwamba watu wa mjini wanavitumia kwa maungo na kwamba yeye na mkewe watagawana. Bi Mize akavitia katika kijaluba cha bati alichokuwa akiwekea tambuu zamani, akaja nacho mlangoni pangu. Nakumbuka alibaki amesimama nje ya kizingiti, kama mtu aliyekuja ofisini.

"Mwanangu Mwalimu," akasema, "hizi hunywewa vipi?"

Jibu la haki lilikuwa neno moja: sijui. Nimelitumia mara nyingi tangu siku ile. Lakini siku ile nilikuwa na kalamu mezani na mwanamke mzima amesimama akiningoja, nikamjibu kwamba vinamezwa asubuhi, kabla ya kula chochote, ili dawa ikute tumbo safi. Nililijua wapi? Nimelitafakari hilo miaka mingi. Chuoni tulipewa dawa ya minyoo tumbo likiwa tupu. Kijijini kombe, yaani aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani na kuoshwa kwa maji, hunywewa alfajiri kabla ya kitu kingine, na mizizi ya kuchemsha vilevile. Tena mtu fulani, ambaye mpaka leo sura yake hainijii, aliwahi kusema mbele yangu kwamba chakula huilaza dawa. Katika vipande hivyo vitatu nilijenga kanuni, nikaisema kwa sauti ya darasani. Bi Mize hakusoma Kizungu wala herufi zake, lakini alisoma vizuri herufi za Kiarabu kwa kuwa alihitimu chuoni kwa mwalimu wa Kurani, basi akaniomba nimwandikie. Nikaandika kwa herufi hizo, kwa hati nzuri: vidonge viwili, asubuhi, kabla ya kula chochote. Akaikunja karatasi mara nne, akaiweka ndani ya kijaluba, juu ya vidonge.

Lazima niseme ukweli wote, pamoja na ule ulionifurahisha. Wiki mbili baadaye nilimwona Bi Mize akikamua tui kwa mikono yake miwili. Kofia ilisonga mbele. Majirani waliona na wakaja mmoja mmoja kutaka karatasi, nami niliandika nyingine nne, jumla tano, na kila moja nilijiona nimeongeza faida duniani. Ulikuwa mwaka wa siasa, watu walikuwa wameanza kubaguana madukani na hata mazishini kwa sababu ya maneno yaliyopitishwa baraza hadi baraza, na mimi niliwadharau kwa kuamini kila walichoambiwa. Sikuona kwamba karatasi zangu zilitembea njia hiyohiyo.

Mtu pekee aliyekataa kunitii alikuwa Mzee Kombo. Yeye alisubiri muhogo wa nazi au mkate wa mofa uliobaki jana, akala, akanywa kikombe kizima cha maji, ndipo akameza kidonge chake. Bi Mize alimlaumu kila asubuhi na nilisikia kila neno.

"Umri huo wote, wewe, na bado washindana na Mwalimu."

"Sishindani naye," akajibu. "Ila miye tumbo langu halipokei mgeni kabla sijapika."

Nilitoka chumbani nikamweleza kwa upole wa mtu aliyesoma kwamba anaipoteza dawa bure. Na jioni, barazani, niliwaambia wanaume kwamba Mzee Kombo anakula dawa kwa muhogo kama mtu anayekula achari. Walicheka sana. Yeye mwenyewe alicheka zaidi yao, akapangusa magoti yake, na kesho yake akala muhogo kwanza kama kawaida. Mbele ya macho yangu, basi, kila siku, watu wawili walichukua dawa moja kutoka kijaluba kimoja kwa njia mbili, na nilikuwa na nafasi ya kuangalia kama mtu mwenye akili anavyoangalia. Sikuangalia. Nilikuwa nimekwisha kuandika.

Mwezi wa Shaabani nilianza kumwona Bi Mize akiweka kiganja chini ya mbavu na kukikandamiza hapo, hasa kabla ya chakula. Usiku mmoja ukuta ulileta mazungumzo mafupi. Time alimuuliza kama ni tumbo tena. Mama akamjibu kwamba dawa inafanya kazi, na kwamba dawa isiyouma ni maji ya mtungi. Hivyo ndivyo watu wetu walivyoipima mizizi: ikisokota tumbo, ina nguvu. Nilimsikia, na najua nilivyohisi, maana ni mimi niliyehisi: niliridhika. Kisha Ramadhani ikakaribia, na Bi Mize akamtuma Time aniulize itakuwaje, kwa kuwa asubuhi hawezi kumeza. Nikaitaka karatasi, nikaongeza mstari wa pili: katika Ramadhani, vidonge kwanza wakati wa kufuturu, chakula baada ya kusali.

Kama nikiulizwa ni jambo gani katika maisha yangu ningependa kulifuta, ni mstari ule. Nilikaa na Mzee Kombo na mkewe kwenye mkeka kila magharibi. Mwanamke aliyeshinda na njaa mchana kutwa, katika joto la mwisho wa kaskazi, alikaa na vidonge viwili kiganjani akisubiri adhana, na tende ziko mbele yake, na muhogo unatoka moshi. Adhana ikilia, Mzee Kombo alitia tende kinywani. Bi Mize alimeza vidonge kwa funda la maji, akainuka kwenda kusali, akakawia makusudi ili dawa itangulie. Siku nyingine alimeza vitatu, kwa sababu siku za mwisho za Shaabani alikuwa amesahau na alitaka kulipa kama mtu anavyolipa funga. Hilo la vitatu sikuliona. Alilisema mwenyewe baadaye, mbele yangu.

Siku ya kumi na saba ya Ramadhani, kabla ya alasiri, nilikuwa mezani nikisahihisha madaftari. Mvua ya kwanza ya masika ilikuwa imekwisha kunyesha na uani kulikuwa na tope. Bi Mize alikuwa amekaa kwenye mlango wa nyuma, penye mwanga, kofia pajani. Nilisikia akisema kwamba anainuka kutia maji kwenye chungu, kisha nikasikia kishindo kimoja kwenye mwimo wa mlango. Nilipofika alikuwa chini, uso wake una rangi ya majivu, na jasho la baridi limemjaa shingoni. Sindano ilikuwa bado imeshikwa kati ya vidole. Time alikuja mbio kutoka kwa jirani, na pale, akiwa ametazama chini kwa haya, aliniambia kwamba kwa siku tatu choo cha mama kilikuwa cheusi kama lami, na mama alimkataza kusema. Kisha Bi Mize akatapika. Nililiona tapishi, na sikuwa na haja ya kuwa tabibu kujua kwamba halikuwa chakula, maana alikuwa amefunga. Lilikuwa jeusi, la chengachenga, kama machicha ya kahawa.

Lori la mbata lilikuwa linapakia kwenye njia ya juu. Mzee Kombo, ambaye magoti yake hayakumruhusu kukimbia, alikimbia. Tulimlaza mkewe juu ya magunia, Time akampakata kichwa, na dereva akaendesha polepole, jambo lililonikera na ambalo sasa najua lilikuwa huruma. Tulifika Chake jua likiwa bado juu ya minazi. Walimpokea, wakamtia maji ya mshipani, wakatutoa nje. Nilifuturu barazani kwa maji matupu. Mzee Kombo hakufuturu kwa kitu chochote mpaka muuguzi mmoja alipomletea chai akamsimamia anywe.

Asubuhi daktari alituita. Sikumjua kabla ya siku ile na jina lake halina haja hapa. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye miwani, aliyesema Kiswahili cha Unguja. Bi Mize alikuwa macho, mdogo sana katika shuka nyeupe. Tulisimama kando ya kitanda: daktari, Mzee Kombo, Time na mimi. Daktari alisema kwamba tumbo lilivuja damu ndani, kwamba sasa inaonekana imesimama, na kwamba anataka kuiona dawa aliyokuwa akiimeza. Mzee Kombo akatoa kijaluba mfukoni. Daktari akakifungua, akavigusa vidonge, kisha akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Aliitazama, akanipa mimi kwa kuwa nilivaa kama mtu aliyesoma.

"Herufi hizi sizisomi upesi," akasema. "Nisomee."

Nikasoma. Nilisoma mstari wa kwanza na wa pili, kwa sauti, mwandiko wangu mwenyewe. Daktari akauliza nani aliyeyaandika hayo. Mzee Kombo akawahi kusema kwamba hiyo ni karatasi ya zamani tu, haijulikani imetoka wapi, na aliponitazama niliona kwamba alijua fika imetoka kwangu na alikuwa ananifungulia mlango nitoke. Ulikuwa mlango mpana. Mkataba wangu, heshima yangu, chumba changu, vyote vilikuwa upande wa pili.

"Mimi," nikasema.

"Na nani alikwambia?"

Hilo ndilo swali lililoniumba. Nililitafuta jina. Nilitafuta mwalimu, kitabu, tabibu, hata mtu wa barazani, na sikumpata mtu wa kumtaja. Nikajibu kwamba nilisikia. Daktari akauliza nilisikia kwa nani, nikasema sijui. Hakunikemea. Angenikemea ningepumua. Ikatoka sauti ya Bi Mize kitandani, ya chini kama siku zote.

"Usimsumbue kijana wa watu. Hata asingeandika, ningevimeza vivyo hivyo. Kombe tunalinywa vipi?"

"Kombe ni la asubuhi, mama," daktari akasema. "Hii si kombe."

Kisha akamgeukia Mzee Kombo, akamuuliza kama naye alikuwa akitumia dawa hii, na vipi. Mzee Kombo, kwa mara ya kwanza tangu jana, alijinyoosha. Akaeleza muhogo wake, mkate wake wa mofa na kikombe chake cha maji, akasema kwamba katika Ramadhani hukigusa kidonge baada ya kushiba, na kwamba kwa ajili hiyo ameitwa mla achari kijiji kizima. Time alijifunika mdomo kwa kanga. Daktari hakuweza kujizuia, akacheka. Halafu akaacha kucheka, na aliyoyasema baada ya hapo niliyaandika siku ileile, kwa hiyo nayathibitisha. Alisema kwamba dawa hii inatuliza uvimbe na maumivu, lakini inauchubua utando wa ndani wa tumbo, na tumbo tupu linaumia zaidi. Yule anayeihitaji aimeze akiwa amekula, kwa maji mengi, kwa kiasi alichoambiwa, wala asilipe alichosahau. Nikafurahi, nikasema kwamba kumbe muhogo ndio kinga. Akanikata palepale.

"Usiseme kinga. Sema unapunguza. Tumbo likiuma, au choo kikiwa cheusi, aache, aje hapa, hata kama amekula pilau. Na mama huyu asiiguse tena, ale asile."

Neno hilo, usiseme kinga, sema unapunguza, limenifaa katika mambo mengi yasiyohusu tumbo.

Bi Mize alikaa spitali siku tisa. Nilikwenda mara nne. Katika safari ya tatu nilichukua karatasi mpya niliyokuwa nimeiandika, nikamsomea daktari sentensi kwa sentensi, naye akanirekebisha mahali pawili, na hapo tu ndipo nilipoinakili. Kisha nikaanza kazi ngumu kuliko kuandika, yaani kwenda nyumba kwa nyumba kuomba nirudishiwe maneno yangu. Mwanamke mmoja aliniuliza kama mimi ndiye Mwalimu yuleyule au ni ndugu yake. Mwanamume mmoja alitaka kujua nitabadilisha tena lini, ili asihangaike kuikunja. Nilistahili yote mawili. Ile ya Bi Mize alikuwa nayo daktari. Tatu za majirani nilizipata mkononi mwangu. Ya tano niliambiwa imeliwa na mbuzi. Hilo nalisimulia kama nilivyolisikia, lakini mwenye karatasi nilimsomea ile mpya mpaka akaweza kunirudishia kwa kichwa.

Aliporudi nyumbani, Bi Mize alikuwa hana nguvu ya kuinua kikombe. Alikula uji wa mtama, kijiko kimoja baada ya kimoja, na wiki hadi wiki rangi ikarudi usoni mwake. Lakini mikono nayo ilirudi ilikokuwa, na ilipofika kipupwe, Juni na Julai, vidole vilijifunga kama ngumi ya mtoto mchanga. Asubuhi moja alinijia tena mlangoni. Aliuliza kama hawezi kumeza kimoja tu, akila muhogo kwanza kama mzee. Kofia ilikuwa imebaki nusu ya juu. Sijawahi kukataa ombi kwa uchungu kama ule. Nilimwambia kwamba ruhusa ya chakula ni ya mzee, si yake, na kwamba muuguzi wa spitali alituonyesha jambo jingine: maji ya moto ya kuvumilika, mikono ndani, kufungua vidole na kufunga, asubuhi na jioni, kila siku. Akanitazama kwa jicho la upande.

"Hili la maji, Mwalimu, umeliona au umelisikia?"

"Nimelisikia kwa muuguzi mwenyewe, Bi Mize. Mbele yako."

"Haya. Basi tutaona."

Tangu siku ile Time aliweka sufuria ya maji jikoni kabla ya adhana ya alfajiri, na mimi, nikisubiri chai yangu, nilikaa uani nikahesabu: mara thelathini kufungua, mara thelathini kufunga. Bi Mize alinituhumu kwamba naruka namba ili nikanywe chai. Mzee Kombo, akila muhogo wake kando yetu na kidonge chake kimelala kwenye ukingo wa sahani, alisema kwamba sasa nyumba hii ina wanafunzi watatu na mwalimu hajulikani ni yupi. Alivitumia vidonge siku za kukwea tu, si kila siku, na alikuwa ameamua kuniita Achari mpaka nitakapoondoka. Sikuwa na hoja ya kumpinga.

Msimu wa karafuu ulipita. Vidole havikupona, siandiki hadithi ya miujiza. Vililegea. Nilimwona akikamua tui tena mwezi wa Septemba, taratibu, kwa kupumzika. Kofia alishona mchana tu, jua likiwa kali, viua vichache kwa siku, na Time bado alimtungia uzi. Nikaha ilifungwa mwisho wa Novemba. Nilikuwapo, na nilimwona bwana harusi kwa karibu alipokaa mbele ya shehe. Kofia ilikuwa kamili isipokuwa nyuma, penye upana wa vidole viwili, ambapo kitambaa kilikuwa kitupu, hakikutobolewa. Time alikuwa ameomba apamalizie. Mama alikataa. Baada ya nikaha Mzee Kombo alikula pilau mpaka watu wakamstaajabia, akatoa kidonge mfukoni, akakimeza kwa maji, akanipungia mkono kutoka upande wa pili wa ukumbi ili nione. Niliona.

Yaliyofuata sina ushahidi nayo. Nilihamishiwa Unguja mwezi uliofuata na mambo ya nchi hayakunirudisha Vitongoji Bi Mize akiwa hai. Nimesikia kwamba aliishi miaka mingi na kuwapakata wajukuu, kwamba aliitaka kofia ile irudishwe akamalize viua vya nyuma, na kwamba karatasi yangu ya pili ilikaa katika kijaluba mpaka ikachanika mikunjoni. Huenda ni kweli. Ninalolijua ni la asubuhi niliyoondoka. Sanduku langu lilikuwa tayari nje. Bi Mize alikuwa amekwisha kula uji, sahani tupu iko ubavuni, mikono imetoka kwenye maji ya moto na bado inatoa mvuke. Alikaa kwenye mlango wa nyuma, penye mwanga. Time alikuwa Makoongwe, kwa mumewe, na hapakuwa na wa kumwita. Akalamba ncha ya uzi, akainua sindano mbele ya jua. Mara ya kwanza uzi ulipita pembeni. Mara ya pili ulipinda. Sikusogea kumsaidia. Mara ya tatu uliingia kwenye tundu, akauvuta upande wa pili kwa vidole vyake mwenyewe, akafunga fundo.